Upande wa Ambwene Kitandani

Kabla mvua ya Tukuyu haijachanganya, nyumba ilimwomba Tusajigwe, kwa adabu kabisa, amwage chai yake. Siku hizi sheria ndiyo hiyo: palipo na mashine, nyumba ndiyo yenye kauli juu ya unyevu. Na chumba chao kilikuwa kimoja tu. Mashine ya kukatia nyasi na jenereta zililala kitandani, upande wa mumewe Ambwene, kwa kuwa sakafu ilikuwa na ubaridi.

Akamwaga chai. Akatoa nje kanga zilizolowa. Taa ya mlangoni ikabaki nyekundu.

“Bado kuna unyevu, mama,” nyumba ikasema.

“Unatoka wapi tena?”

Taa ikapepesa, bado nyekundu.

“Hata kwangu ilianza hivyohivyo,” Ambwene akasema kutoka nje, chini ya turubai lililonunuliwa kwa ajili ya mashine. “Imekwambia utoke?”

“Haijasema, Baba Lusekelo. Hata sielewi inataka nini.”

Akapapasa godoro, kavu. Akapapasa ukuta, mkavu. Akasimama katikati ya chumba akiwaza, na katika kuwaza huko akasahau kupumua.

Taa ikawa ya kijani.

“Asante, mama,” nyumba ikasema.