Kamera ya Kuanzia

"Hii inawashiwa wapi?" mteja aliuliza. Kamera alikuwa ameishika juu chini.

Muuza duka alifumba macho kidogo. Miguu ilikuwa inawaka moto. Wiki nzima nyumba yake imejaa wageni wa harusi, shangazi wawili wamekitwaa kitanda chake, na yeye analala kwenye kochi la sebuleni lililomvunja mgongo. Kesho anamwoza binti yake wa mwisho. Leo alitaka kitu kimoja tu, afunge duka mapema akae kimya.

"Hapo juu, ndugu yangu. Hapana, hicho ni cha kukuza."

Mteja alikuwa mtanashati, shati limenyooka, maswali hayamwishi. Lenzi ya kubadilisha ina faida gani? Betri inadumu siku nzima? Ndani ya ukumbi wenye giza, picha inatoka? Kila alichojibiwa alikisahau papo hapo.

"Unataka kupiga picha za nini hasa?"

"Ah, za kawaida tu. Watu, watu."

"Basi anza na watu wa nyumbani kwako. Piga mwaka mzima. Utaharibu nyingi, mwisho mkono utazoea."

"Mwaka!" Mteja alicheka kama aliyetaniwa.

Simu ya muuza duka ikatetemeka juu ya kaunta. Alikuwa mkewe.

"Umeshampigia mpiga picha? Namba si kaka yangu amekutumia tangu asubuhi?"

"Nitampigia, mama watoto. Nina mteja hapa."

"Usije ukasahau. Unakumbuka yaliyompata dada yake bibi harusi."

Angesahauje? Harusi ya binti mkubwa walimpa kazi jirani, na albamu nzima haina picha moja ambayo bibi harusi ana kichwa. Mtoto wa watu hakulia mbele ya wageni. Alilia jikoni, na baba yake alimsikia. Safari hii shemeji ndiye aliyetafuta mtu, tena bingwa, aliyebobea kwenye fani.

"Sasa nichukue ipi, mzee?"

Rafuni kulikuwa na kamera nzuri ya mtu anayeanza, ila kumweleza huyu kungekula jioni yote. Mkono wa muuza duka ukaenda chini ya kaunta, kwenye ile ambayo wateja wawili walishairudisha kwa sababu flashi yake huwaka inapojisikia. Dhamiri ilimsuta kidogo. Uchovu ukamshinda.

"Hii hapa. Nyepesi, inafanya kila kitu yenyewe. Ila ikitoka dukani hairudi."

Mteja alilipa, akashukuru sana, akasimama mlangoni kuichungulia, upande wa mbele ukiwa umemwelekea yeye mwenyewe.

Muuza duka akashusha pumzi. Akavua viatu, akakaa, akapiga namba aliyotumiwa kabla mkewe hajamkumbusha tena.

Pale mlangoni simu ikalia. Mteja akaitoa mfukoni.

"Habari za jioni," alisema muuza duka bila kuinua macho. "Mimi ni baba wa bibi harusi wa kesho. Nilitaka uhakika tu."

"Mzee wangu, wewe lala usingizi," sauti ikamjia sikioni na mlangoni kwa pamoja. "Hii kazi naifanya huku nimefumba macho."