Mlolongo Nyuma ya Nungunungu

Siku moja wala majani walikutana kuteua mgombea wa chama chao, atakayeshindana na Simba kwenye urais.

"Nyati ana nguvu!" walisema hawa.

"Twiga anaona mbali!" walibisha wale.

Mbuni, msimamizi wa uchaguzi, alichoshwa na kelele. "Kila mmoja apange mstari nyuma ya amtakaye, nihesabu!"

Nungunungu, ambaye hakuna aliyemjua hata jina, akajikokota akawa wa mwisho nyuma ya Nyati.

Mara Simba mwenyewe akachomoza kichakani. Wote wakatimua mbio, Nyati akiwa mbele. Nungunungu peke yake alibaki. Alisimamisha miiba yote, akamwendea Simba kinyumenyume, taratibu. Simba alirusha kofi moja tu, kisha akaondoka akichechemea.

Nungunungu akageuka kuhakikisha kwamba ameenda kweli. Alipotazama nyuma, aliwaona wanachama wote wamerudi, wamejipanga mstari mmoja nyuma yake. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Nyati.

"Mzee Nyati, mbona uko huku? Si wewe ndiye mgombea?"

Nyati akainamisha pembe zake mpaka chini.

"Nisamehe, mheshimiwa," akanong'ona. "Mbuni anahesabu."