Kipa kwa Jina la Mdogo Wake

Mwanahawa alipomwona Siwema akiuweka mpira kwenye alama ya penalti, aligeuza uso haraka. Walikuwa wamecheza pamoja kwenye timu yao ya zamani, ile iliyomkalisha Mwanahawa benchi msimu mzima kisha ikakataa kumwachia. Kwa sheria za uhamisho, bila ruhusa ya timu hiyo hangeweza kudaka popote. Kwa hiyo leo alisimama golini kwa jina la Tatu, mdogo wake. Akigundulika, ndiyo mwisho wake wa kucheza.

Siwema akamsogelea huku akimkazia macho.

"Mwanahawa! Ni wewe?"

"Nyamaza, Siwema, nakuomba."

"Wakijua nilikuona nikanyamaza, nitafungiwa na mimi."

"Sheria gani hii? Mtu hachezeshwi, na haachiwi! Ifutwe tu."

"Ikifutwa, timu za matajiri zitatuchukua wote, timu ndogo zife. Irekebishwe, sawa. Lakini leo bado ipo, na mimi naogopa."

Mwamuzi aliwaamuru watengane. Mwanahawa akarudi kwenye mstari. Alijua Siwema hupiga upande wa kulia. Akiuacha mpira upite, huenda mwenzake akafurahi na kunyamaza. Akiudaka, je?

Filimbi ikalia. Mpira ukaja kulia, na kabla hajaamua lolote, mikono yake ilikuwa imeshaukumbatia.

"Tatu! Tatu!" wenzake wakapiga kelele, wakamrukia. Kutoka chini yao, katikati ya miguu yao, Mwanahawa alimwona Siwema akitembea polepole kumwelekea mwamuzi, mkono juu.