Upande wa Pili

"Rudia kwanza maneno yake," mashine ilisema. "Ukishayarudia sawasawa, nitapokea jibu lako."

Fundi cherehani aliitazama spika ndogo juu ya meza. Chumbani mlikuwa na meza hiyo, kiti kimoja na boksi la tishu ambalo hajaligusa tangu kikao cha kwanza. Hiki kilikuwa cha tatu, na cha mwisho. Mchana huo kamati ingekaa kuamua kama kijana aachiwe kabla ya muda wake au amalizie kifungo chote.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mzazi wa aliyeuawa na mzazi wa aliyeua hawakutanishwi uso kwa uso, wasije wakashikana mashati. Kila upande husema yake peke yake. Mashine huyachukua maneno, huyachuja matusi, kisha huyafikisha upande wa pili kwa namna ambayo mtu anaweza kuyasikiliza hadi mwisho bila kunyanyuka kitini. Haihukumu, haimpendelei mtu. Fundi aliambiwa hayo siku ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Siku hizi aliitikia kila kitu kwa kichwa. Alikula bila kusikia ladha, akashona mpaka sindano ikamchoma kidole, asishtuke ila alipoona doa kwenye kitambaa cha mteja.

"Anasema," alianza, "mwanawe alikuwa na miaka kumi na tisa. Anasema ulikuwa ugomvi wa dakika mbili, wa shati lililovaliwa bila ruhusa. Alisukuma tu kwa hasira, hakukumbuka kwamba nyuma kuna ngazi. Anasema miaka sita jela imemtosha. Ameshamshonea na nguo ya kutokea."

"Umerudia sawasawa. Jibu lako, mama wa marehemu?"

"Mwambie nimemwelewa."

Mashine ilisubiri. Ilikuwa na subira, mashine ile, kuliko watu wote aliowahi kuzungumza nao kuhusu jambo hili.

"Mwambie wangu alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa amechumbia. Mwambie yeye anaye wa kumpelekea sabuni kila mwezi. Wangu simpelekei kitu."

"Unakubali kijana aachiwe?"

"Hapana. Akitoka atarudi palepale. Nitakuwa namsikia akipanda ngazi zilezile, akipiga mluzi. Siwezi."

"Niyafikishe kama yalivyo?"

"Yafikishe."

Taa ya spika ikazimika. Fundi alikaa kidogo, akangoja aone kama kifua kitafanya chochote. Hakikufanya. Akainuka.

Nje, dada yake mkubwa alikuwa kwenye benchi la ukutani, amepakata mikoba yao yote miwili kama mtu anayelinda mzigo stendi. Aliposikia mlango alisogea kumpa nafasi.

"Umemaliza?"

"Nusu."

"Haya, kunywa maji. Uso umekupauka." Alimfungulia chupa mwenyewe, akamshikisha. Dada huyu tangu utotoni hakuwa mtu wa kunyamaza, ukimya ulimwasha kama upupu. "Umempa vidonge vyake?"

"Nimempa."

"Vyote?"

"Dada, acha."

Dada akamtoa uzi mweupe uliong'ang'ania begani, akauviringisha vidoleni, asijue pa kuutupa.

Afisa wa upatanishi alikuja akitembea taratibu, mafaili mawili kwapani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kusema na watu kana kwamba kila mara yuko wodini.

"Pole, mama. Ningekupa mapumziko zaidi, ila kamati inakaa saa nane."

"Twende tu."

"Una uhakika? Tunaweza kuwaomba waahirishe."

"Nikienda nyumbani leo sitarudi tena hapa," fundi alisema. "Twende."

Afisa alimtangulia mpaka mwisho wa ukumbi, akamfungulia mlango mwingine, akaufunga polepole nyuma yake. Meza. Kiti kimoja. Boksi la tishu. Fundi akaketi, akaweka mikono mapajani. Taa ya spika ikawaka.

"Karibu tena, mama wa mfungwa," ilisema mashine, kwa upole uleule. "Mama wa marehemu amekujibu. Anasema amekuelewa, lakini hataki mwanao arudi kwenye nyumba ile. Una la kumwambia?"

Fundi akaisogelea spika.

"Mwambie nilijaliwa wawili tu," alisema, "na huyu ndiye aliyebaki."