Watazamaji wa Bwawa

Kwale ndiye aliyemwambia Bata Tunu kwanza kwamba bata wengine watatu wameokotwa bwawani wamekufa, bila jeraha hata moja. Tunu alikuwa na haya nyingi, lakini pia alikuwa na watoto sita. Akajikaza, akaenda kwenye kikao cha Watazamaji wa Bwawa kuuliza kama wanawe waendelee kunywa maji yale.

Aliwakuta wakibishana.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwaona bata wale," alisema Twiga mwenye majivuno. "Tena kutoka ng'ambo ya kilima!"

"Uliona migongo tu, bwana mkubwa," akadakia Kima mjuaji. "Walikufa kwa upweke. Macho yao yalionyesha."

"Upweke, na walikuwa watatu?" akacheka Nyumbu, asiyejua kuficha neno.

Tunu akainua bawa. "Samahani, wakubwa zangu. Labda ni maji?"

"Mama, maji tumeyatazama mwezi mzima!" akasema Twiga. "Ni safi kabisa."

Tunu akachota maji ya bwawa kwa kifuu, akawakaribisha kwa adabu. "Basi poozeni koo, mmesema sana."

Twiga akakumbuka kwamba amefunga. Kima akasema meno yanamuuma.

"Mimi nimeshakunywa kwenye chemchemi ya juu," akaropoka Nyumbu. "Si sote tunakunywa kule kila siku?"

Tunu akashukuru, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Twiga alitangaza kwamba bata saba wametoweka na sababu haijulikani. Saa hiyo Tunu alikuwa chemchemini, akiwafundisha wanawe kunywa.