Kitongoji cha Nne

"Tafadhali usikanyage jikoni," Eluned alisema, na Mwalimu Idwal akauacha mguu wake ukining'inia hewani.

Jiko lenyewe lilikuwa mistari ya mawe katikati ya malisho ya kondoo, kilimani nyuma ya nyumba ya mama yake. Eluned alicheza kwenye malisho hayo utoto wake wote, bila kujua kwamba anakanyaga historia.

Parokia ilikuwa na vitongoji vinne. Vitatu vilijulikana hata na kondoo. Cha nne, Blaen Hesg, kilibaki jina tu kwenye ramani ya kale, na darasa zima la historia la jioni, la Mwalimu Idwal, lilikuwa limekisaka mpaka viatu vikaomba talaka. Aliyekipata ni yeye, mama wa nepi na uji! Mwalimu akikubali leo kwamba ndicho, atamwandikia barua ya kumwombea nafasi chuo kikuu.

"Vyumba ni vidogo mno," Mwalimu alisema.

"Watu wa kale walikuwa wafupi," Eluned alijibu kwa sauti ya kiprofesa, ile aliyoifanyia mazoezi mbele ya masufuria.

Binti yake Heledd, wa miaka minne, alikuwa ameshaketi ndani, anasonga tope.

"Mama, mbona jiko lao linanitosha mimi?"

"Mwache Mwalimu afikiri, kipenzi."

Kisha Eluned akainua jiwe bapa na kutoa ushahidi wake: kipande cha sahani chenye ndege wa buluu.

"Hawakuwa watu wa kula bila sahani hawa," alisema, kidevu juu.

Mwalimu alivaa miwani. Alikitazama kipande, akayatazama mawe, akavua kofia kama aliye makaburini.

"Eluned, barua yako naiandika leo leo."

Mara mama yake Eluned, Bi Morfydd, akafika juu ya kilima akihema, na chupa ya chai na vikeki vya moto.

"Haya, wasomi, mmechimba nini?"

Mwalimu akamkabidhi kile kipande kwa mikono miwili, kama kifaranga.

Bi Morfydd alikigeuza. Akavitazama vile vyumba. Akamtazama mjukuu wake na tope lake. Mwisho akamgeukia binti yake.

"Eluned," alisema taratibu, "ulipokuwa na miaka sita, enzi za vijumba vyako vya mawe, uliniapia, mbele ya mchungaji wa kanisa, kwamba sahani hii imevunjwa na paka."