Kofia ya Salmini

Kofia aliyoifuma Riziki kumtolea mwanawe Salmini nje siku ya arubaini bado ilimtosha, na mtoto sasa ana miaka mitatu.

"Jini la kwenu hilo," mama mkwe wake, Bi Mashavu, alizoea kusema kila degedege lilipomshika mtoto.

Leo daktari aliwaeleza wote wawili. Kuna jeni inayoziamuru seli za ubongo zikue mtoto akiwa tumboni. Ya Salmini ina kasoro, amri haikufika. Ndiyo maana kichwa hakikui, na degedege haliishi.

"Kaitoa wapi?" Bi Mashavu aliuliza.

"Kwa mama na kwa baba. Kila mmoja kampa nakala mbovu."

Bi Mashavu akainamia sakafu. Riziki akashika tumbo lake kubwa. "Na huyu?"

"Huenda. Hatujui bado."

Nyumbani, Bi Mashavu alimletea uzi mweupe bila kumtazama usoni. "Mfumie na mwenziwe."

Riziki akaanzia utosini, akizunguka na kupanua. Kofia ikafika kipimo cha Salmini. Ikakipita. Ikapita hata kichwa cha baba mtu, na mkono wake bado ulikuwa unazunguka.